Namba Kumi na Tisa Yupo Kazini

"Pesa hizi sizipokei, binti," alisema karani wa mishahara. "Hukuacha kazi. Daftari linasema upo. Hata sasa hivi ninavyozungumza nawe, upo ndani unashona."

Hapo ndipo nilipokukatia wiki iliyopita, msomaji, na nimepata salamu zenu. Mmoja ameniita mkorofi. Nakubali, tuendelee.

Kwa aliyenunua gazeti leo kwa bahati, mambo yako hivi. Mwanamke aliyesimama dirishani kwa karani anaitwa Kola. Jina hilo alipewa na wenzake wa kiwanda cha mashati, kwa kuwa hakuna mkono mle ndani ulioshona kola ikalala kama ya kwake. Miezi mitatu iliyopita alirushiana maneno na meneja, akaandika barua ya kuacha kazi, akampa shoga yake aipeleke ofisini, akatoka bila kuaga.

Mwisho wa mwezi pesa zikaingia kwenye simu yake. Mwezi wa pili zikaingia. Wa tatu pia. Kola akadhani ni kiinua mgongo, kinalipwa kwa mafungu, maana kiwanda kile hakijawahi kulipa kitu kwa mkupuo. Akanunua cherehani, akaanza kushona sebuleni kwake, kazi yake mwenyewe, saa zake mwenyewe.

Kisha ikaja barua kutoka kiwandani. Ulilipwa mishahara mitatu kimakosa, rudisha yote ndani ya siku saba, vinginevyo utawaeleza polisi.

Leo ilikuwa siku ya saba. Mkobani Kola alikuwa na nusu ya pesa. Nusu nyingine ilikuwa sebuleni kwake, ina miguu minne ya chuma, na mnunuzi alikuwa anakuja kuibeba saa kumi jioni.

Na sasa karani anamwambia hadaiwi.

Karani huyo wanamwita Miwani, mzee wa watu, mnyoofu kama rula yake. Kola alimwonyesha barua ya madai. Miwani akaisoma mara mbili, akasema hiyo imetoka kwa meneja, na meneja hakumwuliza. Kisha akageuza daftari na kulisukuma dirishani. Mstari wa kumi na tisa ulikuwa na alama ya vema kila siku ya kazi, miezi mitatu mfululizo, Jumamosi zikiwemo.

"Nani ananiwekea vema, mzee?"

"Mimi."

"Uliniona?"

Miwani akavua miwani, akaifuta. "Mimi huwa siangalii sura. Naangalia ukuta."

Hapo Kola akaelewa nusu ya mambo.

Katika kiwanda kile, kando ya mlango wa ukumbi wa kushonea, kuna ubao wenye misumari, na kila msumari una kibati chenye namba ya mshonaji. Upande mmoja mwekundu, upande mwingine mweupe. Ukiingia unakigeuza kiwe cheupe, ukitoka unakirudisha chekundu. Miwani hupita saa mbili asubuhi, anahesabu vyeupe, anarudi ofisini kunywa chai yake. Anayeacha kazi moja kwa moja hukishusha kibati chake mwenyewe na kumwekea Miwani mkononi. Ndiyo desturi yao tangu kiwanda kifunguliwe. Kibati kikibaki ukutani, maana yake mwenyewe anarudi, hata kama kachelewa mwaka.

Siku ile ya hasira Kola hakukishusha. Alikumbuka mkasi wake, alikumbuka kanga yake, kibati akakisahau.

Kumbe kosa lilianzia kwake. Lakini kibati hakina mikono, hakijigeuzi chenyewe. Akamwacha Miwani na daftari lake, akavuka ua, akasukuma mlango wa ukumbi.

Ubaoni, namba kumi na tisa ilikuwa nyeupe.

Ndani, cherehani zilikuwa zinalia zote kwa pamoja, vumbi la pamba likielea kwenye mwanga wa madirisha ya juu. Kola alipita katikati ya safu. Alijiandaa kumkuta mtu amekalia kiti chake. Alikuwa ameshapanga maneno ya kumwambia, na mengine siwezi kuyaandika gazetini.

Kiti kilikuwa kitupu.

Mto mdogo aliojishonea kwa vipande vya mabaki ulikuwa palepale, na vumbi juu yake. Cherehani namba kumi na tisa ilikuwa imefunikwa kitambaa. Ila pembeni yake, sakafuni, kulikuwa na furushi la mashati yaliyokwisha kushonwa, limefungwa kwa utepe, na karatasi juu yake imeandikwa 19.

Kola akachuchumaa, akavuta shati moja, akaigeuza kola yake. Akavuta la pili. La tatu.

Mshono wa mtu ni kama mwandiko wake, muulize fundi yeyote. Huyu hukaza uzi mno. Huyu hupinda kidogo akikaribia ncha. Kola alikaa na wanawake wa safu ile miaka tisa, na sasa alikuwa anawasoma mmoja mmoja kwenye mashati yaliyoandikwa namba yake. Walikuwa wote. Wanawake kumi na mmoja.

"Usisimame hapo kama unadaiwa," ilisema sauti kutoka cherehani ya ishirini. "Inama, jifanye unaokota kitu."

Huyo ni Kidole, shoga yake, ndiye aliyepewa ile barua ya kuacha kazi. Aliitwa Kidole tangu sindano ilipompitia kidoleni mwaka ule, naye akamalizia shati kwanza ndipo akaenda kufungwa bandeji. Midomo yake ilikuwa haichezi. Macho yake yalikuwa kwenye uzi.

"Nadaiwa kweli," alisema Kola. "Mmefanya nini nyinyi?"

Kidole akamweleza huku anashona. Siku ile alipoondoka walisema hasira hasara, akitulia atarudi. Kibati si kipo ukutani? Basi wakamshikia nafasi, kama wanavyomshikia mgonjwa au mzazi, asije akakatwa mshahara. Namba moja inatakiwa kola arobaini na nne kwa siku. Wako kumi na mmoja. Kila mmoja akaongeza nne juu ya zake. Walidhani ni siku mbili. Ikawa wiki, ikawa mwezi, na kila asubuhi aliyefika kwanza akakigeuza kibati kabla ya chake.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungekataa. Na sisi tulitaka urudi."

Nitakuambia ukweli, msomaji, maana mimi simfichi mtu wangu. Miezi mitatu hiyo Kola alikuwa akiwasema wanawake wale kwa kila mteja aliyeingia sebuleni kwake. Waoga, wasio na utu, hata salamu hawakumletea. Na siku zote hizo wao walikuwa wanachelewa chakula cha mchana kwa ajili yake, pamoja na yule mwenye mtoto wa kunyonya. Kola aliona aibu hadi masikio yakamwaka.

"Ondoka haraka," alisema Kidole. "Tangu marobota ya kitambaa yapotee stoo, meneja anatafuta wa kumtoa kafara. Akijua hili tumekwisha."

"Na barua yangu? Uliipeleka lini?"

Cherehani ya ishirini ikasimama.

"Shoga," alisema Kidole, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni, "kuhusu hiyo barua..."

Mlango ukafunguliwa.

Meneja wa kiwanda kile wanamwita Saa, kwa sababu hawezi kuzungumza nawe bila kuitazama ya mkononi. Ukumbini hushuka mara moja kwa mwezi, na leo haikuwa siku yake. Nyuma yake alikuja Miwani, daftari kifuani, uso wa mtu aliyeitwa ghafla. Mkononi Saa alishika karatasi iliyokunjwa mara nne.

Cherehani zikanyamaza safu kwa safu.

Hakupaza sauti. Alisema ameandika barua kudai pesa kwa mtu aliyeacha kazi, kwa kuwa yeye mwenyewe aliyaona mabega ya mtu huyo yakitoka. Lakini karani wake anasema mtu huyo hajakosa hata siku moja. Mmoja kati yao amekosea, na yeye hapendi kuwa huyo mmoja.

"Kama hukuwepo," alimwambia Kola, "basi kuna watu wamenigeuzia kibati miezi mitatu. Safu hii yote inatoka leo, saa sita, na hakuna atakayepata kiinua mgongo. Kama ulikuwepo, hudaiwi kitu. Ulikuwepo?"

Mtu mwema angewafikiria wenzake kwanza. Kola aliifikiria cherehani yake. Aliiona pale sebuleni, mama mkwe wake akiifuta kwa kitambaa kila asubuhi kabla hata hajasalimia watu. Kisha akauona mkono wa Kidole umeshika ukingo wa meza, na kidole chenye kovu juu yake.

"Nilikuwepo," alisema.

Saa akatazama saa. "Kaa. Nishonee kola moja."

Kumbe mtego huo. Mtindo wa kola ulibadilishwa mwezi uliopita. Kola hakuwahi kuushona, hakuwahi kuuona ila dakika tano zilizopita, amechuchumaa sakafuni.

Akaondoa kitambaa juu ya cherehani, akakaa kwenye vumbi la mto wake. Mikono ilijua kazi hata kama kichwa hakikujua. Alikumbuka alichokiona kwenye furushi: mishono miwili sambamba badala ya mmoja, nafasi katikati yake upana wa njiti ya kiberiti, ncha zimekunjwa kwa ndani. Akapanga vipande, akaweka kitambaa kigumu katikati, akakanyaga.

Mshono wa kwanza ukaenda vizuri. Alipoanza wa pili, akasita. Zamani walikuwa wanaanzia upande wa kifungo. Sasa je? Akikosea hapo, kola itavuta upande mmoja na kila mtu ataona.

Saa alikuwa anahesabu kimyakimya.

Mkasi wa Kidole ukaanguka. Kidole akainama kuuokota, na alipoinuka akajikuna shingo, nyuma, katikati kabisa, palepale kola inapokutana na mgongo. Akaendelea kukaa zake.

Kola akaanzia katikati, nyuma.

Alipomaliza alikata uzi kwa meno, jambo ambalo alikuwa akilikemea kwa wengine. Saa akaichukua ile kola, akapitisha ukucha juu ya mshono, akaigeuza, akaikunja, akaiachia. Ililala.

"Umekuwa mzito," alisema. "Zamani ungemaliza mbili."

Mtu mmoja nyuma akashusha pumzi. Kola naye nusura ashushe yake, lakini Saa hakuondoka. Aliiinua ile karatasi iliyokunjwa.

"Limebaki hili. Barua hii ilifika mezani kwangu wiki iliyopita, ina jina lako. Nakuuliza kabla sijafanya lolote. Ni yako? Kama si yako, aliyeileta ameghushi, na aliyeileta namjua. Yumo humu ndani."

Kola hakugeuza shingo, lakini pembeni ya jicho alimwona Kidole ameinamisha kichwa. Nani mwingine? Barua ile alimpa Kidole kwa mkono wake. Akaelewa, au alidhani ameelewa: shoga yake aliificha miezi yote akingoja arudi, alipochoka kungoja akaipeleka. Sasa akisema si yake, Kidole atalala ndani kwa kosa la kumpenda mtu.

"Ni yangu," alisema.

"Uliandika wewe?"

"Mimi, kwa mkono wangu. Nilikuwa na hasira siku ile, kesho yake nikarudi kazini, nikasahau kuifuata."

Saa alitabasamu. Miaka tisa Kola hakuwahi kuyaona meno ya mtu yule. Akaiweka karatasi juu ya meza ya cherehani, bado imekunjwa, upande mtupu juu, akampa kalamu yake. Aandike hapo kwamba barua hii ni yake, aweke na sahihi, ili mambo ya ofisi yaishe. Kola akaandika, na Miwani akaambiwa atie yake kama shahidi. Kisha Saa akaichana vipande ile barua ya madai ya mishahara, akavitia mfukoni.

"Hudaiwi. Kesho saa moja uwe kwenye kiti hiki. Na unayajua masharti yetu: mfanyakazi wa hapa hashoni kwa mtu mwingine, wala kwake. Nasikia kuna mtu ana cherehani sebuleni."

Akatazama saa, akatoka, na Miwani akamfuata.

Hakuna aliyeshangilia. Cherehani zikaanza tena, moja moja, na yule mwenye mtoto wa kunyonya akafuta macho kwa kipande cha kitambaa. Kola alibaki ameketi. Pesa hadaiwi, cherehani haiuzwi, na hana ruhusa ya kuikanyaga.

Filimbi ya chakula ilipolia alitoka uani kupiga simu nyumbani. Mume wake ni dereva wa lori, yuko safarini. Aliyepokea ni mama mkwe. Kola akamwambia mnunuzi akija amrudishe, cherehani haiuzwi tena.

"Umelipa?" aliuliza mama mkwe.

"Sidaiwi, mama. Wamefuta."



"Mwanangu," alisema mama mkwe, "dawa ya deni ni kulipa. Kama si wewe uliyelipa, kalipa nani?"

 Kola alisema atamweleza akirudi, akakata.

Kidole alikuwa anamngoja kwenye bomba la kunawia, mahali wanawake wanapotolea mafuta ya cherehani mikononi. Aliangalia huku na huku. Alianza kwa kuomba radhi, Kola akamkatiza, akasema yamekwisha, angekuwa yeye naye angeificha, na asijisumbue kueleza kwa nini hatimaye aliipeleka.

"Kuipeleka wapi?" aliuliza Kidole.

Akaingiza mkono kifuani, akatoa bahasha. Ilikuwa imechafuka mafuta pembeni, imelegea kwa kukaa chini ya droo ya cherehani. Kola aliijua mara moja. Siku ile hapakuwa na gundi, hivyo aliushona mdomo wa bahasha kwa uzi mwekundu, mshono mfupimfupi, ncha zimekazwa mara mbili.

Akaupitisha ukucha juu yake. Ulikuwa mshono wake, na haukuwa umekatwa.

"Ndiyo nilitaka kukuambia," alisema Kidole. "Sikuipeleka kamwe. Uliposema ile nyingine ni yako, nikajua uliandika ya pili."

Maji yalikuwa yanamwagika bombani na hakuna aliyeyafunga. Kola alijaribu kuikumbuka ile karatasi. Alikumbuka weupe wake, mikunjo yake minne, kalamu ya meneja ilivyokuwa nzito. Hakukumbuka hata neno moja lililoandikwa ndani, kwa sababu hakusoma hata neno moja.

Nyayo zikasikika nyuma yao. Alikuwa Miwani, peke yake, bila koti. Daftari la mahudhurio lilikuwa wazi mikononi mwake, kidole kimebanwa kwenye ukurasa fulani.

"Binti," alisema, "ile barua uliisoma kabla ya kuitia sahihi?"

Kola akatikisa kichwa.

"Na mimi nilishuhudia bila kusoma. Ameifungua mbele yangu sasa hivi, kabla ya kupiga simu polisi. Si ya kuacha kazi. Inasema ni wewe uliyetoa marobota sita ya kitambaa stoo, na imetaja tarehe."

 Mzee yule akaligeuza daftari, akalisogeza kama alivyolisogeza asubuhi dirishani, kidole chake kwenye mstari wa kumi na tisa.

"Nimekuja mbio kuangalia," alisema. "Nilikuwa naomba Mungu siku hiyo nikukute hupo. Upo."